Usiizike Kompyuta Ingali Hai

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri kwenye ua wa nyumba moja ya Mkomani, hapa Lamu, mbele ya vijana wanaojiundia kompyuta zao na wazazi waliokuja nao. Wenzetu wa Mokowe na Faza hawakuwahi kufika, wakaniomba niyaandike. Nimeyaweka kama yalivyotoka. Zile picha nilizokuwa nikiziwasha ukutani nimeziacha. Palipohitaji kuonyeshwa, nimeeleza.

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mlioketi mikekani kwa sababu viti vimekwisha, karibuni.

Nianze kwa kuuliza. Nani hapa amewahi kukusanya vipande vya kompyuta mwezi baada ya mwezi? Leo RAM, kile kijiti cha kumbukumbu, mwezi ujao prosesa, ubongo wa mashine, kadi ya picha baada ya Ramadhani. Kasha limekuja na basi mpaka Mokowe, likavuka na boti, hamali akalipandisha vichochoroni hadi mlangoni. Ukakesha ukifunga skrubu. Ukabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa zikawaka, na kioo kikabaki cheusi. Inueni mikono.

Naam. Naiona.

Na sasa nauliza la pili. Ni nani usiku ule aliyeambiwa, au aliyejiambia mwenyewe, "Imekufa"?

Mikono ni ileile. Hilo neno ndilo lililonileta hapa. Nimefanya kazi ya ufundi wa kompyuta katika mji huu miaka mingi, na nawaambia kwa yakini: kompyuta nyingi nilizoletewa zikiwa "zimekufa" zilikuwa hai. Zilikuwa hai, na watu walikwisha kulia, walikwisha kuuza vipande kwa bei ya kutupa, walikwisha kumwambia mtoto aache mambo ya kompyuta akatafute kazi nyingine. Mtu akikwambia imekufa, muulize: ushahidi uko wapi?

Hebu kwanza tujue kinachotendeka ndani ya zile sekunde chache. Unabonyeza kitufe. Pawa saplai inaamka, inatulia, inautangazia ubao mama, ule unaobeba vipande vyote, kwamba umeme uko sawa. Prosesa inazinduka na jambo la kwanza inalolisoma ni programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya ubao wenyewe. Hiyo ndiyo BIOS. Kwenye mashine za sasa yaitwa UEFI, lakini sisi mafundi bado twaita BIOS. Programu hiyo hukagua nyumba kabla wenyewe hawajaingia. Prosesa ipo? RAM ipo, na inashika kitu? Kadi ya picha ipo? Na diski iko wapi? Ukaguzi huo huitwa POST.

Sasa nisikilizeni vizuri. Picha haiwezi kuonekana mpaka ukaguzi ufike kwenye kadi ya picha na kupita. Diski huja baadaye. Na Windows inakaa wapi? Inakaa kwenye diski. Kwa hiyo kompyuta ambayo haijaonyesha hata nembo ya ubao, Windows haina habari nayo. Haijaitwa. Haijaulizwa neno.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu ya kijana mmoja wa hapahapa mjini. Kompyuta yake ilikuwa ikifanya kazi, wakahama nyumba, alipoiwasha kule kwengine kioo cheusi. Rafiki akamwambia, "Windows imeharibika, ipigwe upya." Akaichomoa diski, akaipeleka kwenye mashine ya huyo rafiki, wakaifuta yote, wakaweka Windows mpya. Akairudisha. Kioo cheusi vilevile. Aliponiletea, nilikuta kijiti kimoja cha RAM kimeng'oka upande mmoja kwa mtikisiko wa njiani. Nilikisukuma kikalia *tak*, picha ikaja. Lakini kwenye ile diski palikuwa na harusi ya dada yake, na ndani ya harusi hiyo bibi yao akiongoza vugo, pembe mkononi, sauti yake yote. Bibi alikwisha kufariki. Hakuna nakala nyingine. Kijana yule aliitazama Windows yake mpya, safi, tupu, na hakusema kitu. Mimi pia sikuwa na la kumwambia.

Diski haikuwa na kosa, ndugu zangu. Ukaguzi haukufika kwenye diski. Usiiguse diski kwa kosa ambalo halijaifikia.

Tuendelee. Jambo la kwanza la kuuliza ni hili: je, mashine ndiyo iliyonyamaza, au ni dirisha tu limefungwa? Kuna mtu ndani ya nyumba anazungumza, wewe uko nje umesimama kwenye dirisha lisilo lake.

Bwana mdogo mmoja wa Langoni aliniletea kompyuta yake juu ya punda, imefungwa kwa blanketi. Mpya kabisa. Nikamwuliza, "Waya wa kioo uliuchomeka wapi?" Akanionyesha tundu la HDMI la juu, lile lililo sambamba na matundu ya kibodi na maus. Lile ni tundu la ubao mama. Kadi yake ya picha ilikuwa chini, ina matundu yake matatu, na hakuna hata moja lililoguswa. Nikamwuliza prosesa yake. Ilikuwa ya Intel, na mwisho wa namba yake pana herufi F. Intel wakiweka F, maana yake prosesa hiyo haina sehemu ya picha inayotumika. Picha lazima itoke kwenye kadi. Prosesa nyingi za Ryzen, zile za kampuni ya AMD, kabla ya zile za mfululizo wa 7000 ni hivyohivyo, isipokuwa zile zenye G. Kwa hiyo lile tundu la juu lilikuwa tundu kavu. Nilihamisha waya kutoka juu kwenda chini, basi. Punda hakuwa hata amemaliza kula.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, angalia haya: waya uko kwenye kadi? Kioo chenyewe kimechaguliwa kusoma tundu hilohilo, au kinangoja DisplayPort ilhali umechomeka HDMI? Ukijaribu waya mwingine? Ukijaribu televisheni ya sebuleni? Na kuna kipimo kimoja kizuri sana ambacho hakina gharama: bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika unavyobonyeza, ndani kuna uhai. Mashine imepita mbali, na wewe unalilia dirisha.

Umeme nitaupitia haraka, ila kuna mahali pamoja nitasimama. Waya mkubwa wa pini 24 kila mtu huukumbuka. Unaosahauliwa ni ule wa pini 4 au 8 ulio juu kabisa, pembeni mwa prosesa. Bila huo feni zitazunguka, taa zitawaka, na prosesa haina chakula. Kadi ya picha nayo: nafasi inayokaa inaipa wati 75 tu, ikiwa ina matundu yake ya umeme, yajazwe. Pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Sisi Kenya umeme wetu ni volti 240. Swichi hiyo ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko na utaona moshi.

Hapa ndipo nasimama. Pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa pande zote mbili: usiazime waya wa jirani. Nawaomba. Ule upande unaoingia kwenye pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa pini. Umbo ni lilelile, waya unaingia vizuri, na volti 12 zinakwenda pasipo pake. Hilo linaua kweli. Na pawa saplai yenyewe msiifungue. Ndani yake mna vitu vinavyoshika umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Haya, tupite.

RAM. Kama mngeniruhusu kusema neno moja tu leo, ningesema RAM.

Kijiti cha RAM hakiingii kwa adabu. Vijana wengi wanakiogopa, wanakisukuma kidogo, kinakaa nusu. Kisukume ncha zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Na kikae wapi? Ukiwa na nafasi nne na vijiti viwili, kwenye mbao nyingi ni nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukiwa na kimoja, ya pili. Fungua kile kijitabu cha ubao. Kimeandikwa humo, na watu hukitupa pamoja na boksi.

Halafu kuna mambo ya kwetu sisi watu wa pwani, ambayo hutayapata kwenye video za watu wa Marekani. Hewa yetu ina chumvi. Mnaijua, mnaiona kwenye bawaba za milango, kwenye vyuma vya madirisha, mnaiona kwenye baiskeli iliyolala nje wiki mbili za kusi. Je, mnadhani inabisha hodi kwenye kasha la kompyuta? Nilifungua mashine ya nyumba moja inayotazama bahari, dirisha wazi mchana na usiku, na zile pini za dhahabu za RAM zilikuwa na utando, na kwenye skrubu karibu yake pana ukijani. Mwenyewe alikuwa amekwisha kununua RAM nyingine. Nilichukua raba ya mtoto wa shule, ile laini, nikazisugua pini taratibu, nikapangusa vumbi la raba, nikapitisha spiriti safi ya kusafishia vifaa, nikaacha ikauke. RAM ya zamani ikawaka. Hiyo mpya mpaka leo haijatoka kwenye pakiti yake.

Sisemi mfunge madirisha. Lamu bila upepo mtaishije? Nasema kompyuta isikae chini ya dirisha la bahari, na isikae miezi bila kuwashwa. Ile joto ya kufanya kazi huifukuza unyevu.

Na sasa kisa cha binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyejiundia mashine mwenyewe tangu skrubu ya kwanza. Nafurahi kusema yupo hapa leo. Alitumia ubao wa AM5, aina ambayo AMD waliitoa mwaka 2022, na RAM ya DDR5. Akawasha. Kioo cheusi. Akahesabu nusu dakika, akazima. Akawasha tena, akazima tena. Siku tatu. Akachomoa, akachomeka, akalia, akawasha, akazima.

Kosa lilikuwa nini? Halikuwepo. RAM ya DDR5 inapowashwa mara ya kwanza na ubao mgeni, ubao huifundisha kwanza: hupima mwendo na muda wa kila njia mpaka wapatane. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, kioo kikiwa cheusi muda wote, na wakati mwingine mashine hujizima na kujiwasha. Kila alipozima alilikata somo katikati. Nilimwambia kwenye simu, "Mwanangu, iwashe, kisha nenda kaswali." Aliporudi kutoka kwenye mswala nembo ilikuwa imeshatokea.

Siku tatu za machozi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kioo cheusi chaweza kuwa kazi inaendelea. Ndiyo maana nazungumza.

Sasa, mmeangalia waya, mmeangalia umeme, mmeangalia RAM, na bado giza. Tufanye nini?

Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi kule Matondoni, na mkono wake ulisifiwa kwa kalafati. Nikiwa mdogo alinichukua kwenye jahazi moja lililokuwa linaingiza maji. Wenyewe walikuwa wameziba kila mahali walipopashuku: omo, tezi, ubavuni. Pamba kila pahali, na maji yanaingia. Ami hakuziba kitu. Alisema maji yote yatolewe, ngama ikaushwe kwa matambara mpaka ubao uonekane. Kisha akakaa mle ndani na taa, kimya, akingoja tone la kwanza. Nilidhani amelala. Baadaye akanyoosha kidole: "Pale." Mahali pamoja.

Kompyuta ni hivyohivyo. Ukibadilisha RAM, na waya, na kadi, kwa pamoja, na picha ikaja, umejifunza nini? Hujui. Na ikikataa, hujui zaidi. Kaushe ngama kwanza. Chomoa umeme ukutani, bonyeza kitufe mara moja ule uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa kila kitu. Toa diski zote. Toa USB zote. Bakisha vinne: ubao mama, prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha RAM, pawa saplai. Kama prosesa haina picha yake, ongeza kadi. Weka ubao juu ya boksi la karatasi, nje ya kasha. Kuwasha, gusanisha zile pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi.

Kwa nini nje ya kasha? Kwa sababu ndani ya kasha kuna vile vijiguzo vidogo vya shaba vinavyobeba ubao. Kimoja kikibaki mahali ambapo ubao hauna tundu, kinagusa mgongo wake na kuleta shoti. Nimekutana na hilo mara nyingi: nje picha, ndani giza. Sasa umejua palipo na tone.

Na msikilize. Mbao nyingi za sasa zina taa nne ndogo pembeni, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA, BOOT, yaani prosesa, RAM, kadi ya picha na diski ya kuwashia. Taa inayoganda ndiyo inayokwambia ukaguzi umekwama wapi. Ubao usio na taa, nunua spika ile ndogo ya kuchomeka, ni ya bei rahisi mno, na usome milio yake kwa kijitabu cha ubao wako, maana kila BIOS ina lugha yake. Kisha fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: toa RAM yote, washa. Ikilia, au taa ya DRAM ikiwaka, ni habari njema! Inalalamika kwamba haina RAM. Na anayelalamika yu hai. Prosesa iko kazini, BIOS inasomeka. Unaona? Umepata ushahidi, na hujatumia shilingi.

Pia irudishe BIOS kwenye mipangilio yake ya mwanzo. Ile betri ya duara, CR2032, ya volti 3: chomoa umeme, itoe, ngoja dakika tano, irudishe. Ikiwa imekaa miaka, weka mpya kabisa.

Nimebakiwa na kisa kimoja, na ndicho kizito kwangu.

Mwaka 2021 alinijia bwana mmoja kutoka Faza. Alikuwa na ubao wa B450 alioununua ukiwa umetumika, aina iliyotoka 2018, na prosesa mpya ya Ryzen 5 5600X. Kioo cheusi. Nilifanya yote niliyowaeleza: waya, umeme, RAM moja moja, boksi la karatasi. Hakuna. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, "Prosesa imekufa." Akaniamini. Mimi ndiye fundi. Akaiuza kwa pesa kidogo, kama kitu kibovu, akarudi kwao.

Miezi baadaye akaja mwingine, ubao wa namna ileile, prosesa ya namna ileile, giza lilelile. Safari hii nilikuwa na Ryzen 5 2600 ya zamani kwenye droo. Nikaiweka. Picha. Nikaitazama ile BIOS: tarehe yake ilikuwa ya kabla ya Novemba 2020, wakati prosesa za Ryzen 5000 zilipotoka. BIOS ile haikuwahi kuisikia prosesa hiyo. Ilikuwa kama mlinzi wa mlangoni aliyepewa orodha ya zamani. Mgeni ni halali, jina lake halimo. Nikaisasisha BIOS kwa USB, nikarudisha prosesa mpya, ikawaka.

Nilikaa pale nikashika kichwa. Prosesa ya yule bwana wa Faza haikuwa imekufa. Niliizika mimi, kwa mdomo wangu, bila ushahidi. Nilimtafuta, nikamweleza ukweli, nikamrudishia pesa za kazi na sehemu ya alichopoteza. Alinisamehe, Mungu amjaalie. Lakini tangu siku ile neno "imekufa" silitamki mpaka kitu kijaribiwe kwenye mashine nyingine inayofanya kazi na kikatae huko pia. Nanyi vijana mtakaokuwa mafundi, mtu akiwaletea kitu alichokiwekea akiba mwaka mzima, msiseme neno hilo kwa kubahatisha. Semeni "bado sijapaona." Haina aibu.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, tafuta orodha ya prosesa, utaona kila moja inataka BIOS ya toleo gani. Mbao nyingine zina kitufe nyuma cha kuweka BIOS kwa USB hata bila prosesa. Ukipata wa hivyo, chukua huo.

Mtaniuliza, je, kama nembo imeonekana halafu ndipo giza likaja? Hapo ni habari nyingine. Ukaguzi umepita, na sasa ndipo Windows inapoitwa. Hapo mtazame draiva za kadi, yaani programu zinazoiendesha, na muingie kwa hali salama (Safe Mode). Lakini hiyo ni siku nyingine, na jua linakwenda.

Mama aliyeketi pale karibu na mlango ametoka Shela na kompyuta ya mwanawe. Ameambiwa mara mbili kwamba ubao umekufa. Iko hapa mezani, na sijaifungua. Sijui ina nini. Mama, waturuhusu? Ahsante. Wewe bwana mdogo uliyeinua mkono wa kwanza, njoo mbele. Hakikisha waya umetoka ukutani. Bonyeza kitufe, hesabu mpaka kumi, gusa chuma. Sasa fungua ubavu huo, uniambie RAM zimekaa nafasi ya ngapi.